Naombeni msaada wakuu: mifumo mitatu, databesi tatu, mgonjwa ni yule yule

kijana_wa_seva ameandika:

Habari za jioni wakuu. Naombeni mnisome hadi mwisho, najua ni ndefu ila nikifupisha maana itapotea.

Mimi ni afisa TEHAMA kwenye hospitali moja ya ukubwa wa kati huku Kanda ya Ziwa, niko mwenyewe sina msaidizi. Nilivyoripoti kazini nikakuta mifumo mitatu na kila mmoja una dunia yake. Mapokezi na dirisha la malipo wanatumia mfumo aliotengeneza jamaa mmoja miaka mingi nyuma kwa PHP, databesi yake ni MySQL. Maabara wana mfumo uliokuja pamoja na mashine, huo uko kwenye SQL Server, na aliyetuuzia kaandika wazi kwenye mkataba kwamba tukigusa kitu ndani basi matengenezo yeye hahusiki tena. Dirisha la dawa wako kwenye Excel, faili moja kila mwezi, na kila faili lina mpangilio wake kutegemea nani alikuwa zamu.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Wiki iliyopita mama mmoja kaja na mtoto wa kama miaka 3, homa kali, wakampima malaria asubuhi, majibu yakaandikwa kwenye kikaratasi kama kawaida yetu akapewa mama apeleke kwa daktari. Foleni ilikuwa ndefu, mtoto akatapika, kikaratasi kikaloa kikaishia kwenye ndoo ya taka. Kufika kwa daktari hana majibu, daktari kwenye kompyuta yake haoni kitu chochote cha maabara, akamrudisha, na kule watu wa zamu walikuwa wameshabadilishana, mtoto akatobolewa kidole mara ya pili. Majibu ya asubuhi muda wote yalikuwepo kwenye seva, hatua chache tu kutoka alipokaa daktari. Mimi nilikuwa pale pale kwenye korido natengeneza printa, nikamsikia yule mtoto analia, na tangu siku ile sijatulia.

Nilichojaribu mpaka sasa: nimechukua kompyuta iliyokuwa imekaa bure nikaweka Linux na databesi ya PostgreSQL, nikatoa data ya mwezi mmoja toka kila mfumo kwa CSV (mafaili ya maandishi matupu), nikafungua kwa Excel kurekebisha vichwa vya kolamu, halafu nikaingiza na kujaribu kuunganisha kwa namba ya kadi. Zilizokubali ni chache mno. Namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, zimeharibika zote. Halafu kuna majibu ya maabara yanaonyesha yametoka kabla mgonjwa hajafika hospitali, saa nyingi kabla, na sielewi inawezekanaje.

Naomba kujua, nihamishie kila kitu kwenye databesi moja, au niache kila moja ilipo niziunganishe kwa mbali, au ninakili kila usiku? Na hili la kujua kwamba huyu wa mapokezi ndiye yule wa maabara mnalifanyaje nyie wenzangu?

---

bwana_kweri ameandika:

Pole mkuu, na hongera kwa kuguswa, wengine wangetengeneza printa wakaondoka zao.

Ushauri wangu mimi ni mfumo mmoja tu. Kaeni na uongozi mtafute mfumo unaobeba mapokezi, maabara, dawa na malipo, hamisha data, zima hiyo mingine. Ukiunganisha mitatu leo kesho utakuwa na minne, maana hicho kiunganishi chako nacho ni mfumo unaotaka kulishwa, kufanyiwa bekapu na kupewa mtu wa kuulinda, na umesema uko mwenyewe.

---

kijana_wa_seva ameandika:

Nakuelewa mkuu na nimeshaliandikia uongozi hilo. Jibu ni kwamba bajeti ya mwaka huu imeshapita. Halafu mashine ya maabara inaongea na mfumo wake tu, kwa hiyo hata tukinunua mwingine ile SQL Server itabaki pale pale. Nataka kitu cha kusaidia kuanzia mwezi huu.

---

fundi_mabomba_ya_data ameandika:

Bwana kweri ana hoja ila hata mkinunua mfumo mpya kesho asubuhi hiyo data ya zamani lazima ihamie huko, na wakati wa kuihamisha mtakutana na vitu hivi hivi, namba zilizoharibika, majina mawili mtu mmoja, saa zilizogeuka. Kwa hiyo kijana kazi yako haiendi bure kwa vyovyote.

Naanza na NIDA maana hiyo najua kilichotokea bila hata kuona mafaili yako. Ulifungua CSV kwa Excel. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu yenyewe inashika tarakimu 15 tu, hizo 5 za mwisho inazigeuza sifuri. Ukishabonyeza kuhifadhi zimekwenda, hakuna namna ya kuzirudisha kutoka kwenye faili lile, rudi kwenye mfumo utoe upya. Ndiyo hiyo hiyo imekula na sifuri za mbele kwenye namba za kadi, 00412 imekuwa 412, na ndiyo maana hazikulingana. Na usije ukadhani dawa ni kuziweka kama bigint (aina ya namba nzima kubwa) kwenye PostgreSQL, bigint inaishia tarakimu 19. Hata ile ya MySQL isiyo na hasi inafika tarakimu 20 lakini namba yake kubwa kabisa inaanza na 18446744, na NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, mtu wa 1985 namba yake ni kubwa kuliko hapo, haiingii. Namba ya kitambulisho hujumlishi wala hugawanyi, iweke kama maandishi, na kadi hivyo hivyo, na simu hivyo hivyo.

Sasa kuunganisha. PostgreSQL ina kitu kinaitwa foreni data rapa, kinafuata kipande cha SQL/MED cha kiwango cha SQL cha 2003, kinakuwezesha kuona jedwali lililoko kwenye databesi nyingine kana kwamba liko kwako. Kwa MySQL tumia mysql_fdw, kwa SQL Server tumia tds_fdw. Unaandika anwani ya seva, jina la mtumiaji na paswedi, na baada ya hapo unaandika kweri ya kawaida, yaani swali la kuiuliza databesi. Mara ya kwanza nilivyoona jedwali la MySQL linajibu ndani ya PostgreSQL nilifurahi sana, nikadhani nimemaliza kila kitu.

Kesho yake saa 4 asubuhi, saa ya watu wengi, nikaandika kweri moja ya kuunganisha jedwali la mbali na la kwangu. Sharti la tarehe halikuvuka kwenda upande wa pili, kwa hiyo badala ya kuomba rekodi za leo tu ikavuta jedwali zima kupitia netiweki, miaka yote, halafu ndiyo ianze kuchuja huku kwangu. Dirisha la malipo wakaganda. Watu wamesimama na pesa mkononi na mimi ndani nashangaa kwa nini kweri inachelewa. Kwa hiyo kabla hujaruhusu kweri yoyote iguse seva inayofanya kazi, iendeshe na EXPLAIN VERBOSE uone ni maneno gani hasa yanapelekwa kule mbali. Ukiona hakuna WHERE, yaani sharti la kuchuja, usiiendeshe.

Kwa hali yako mimi ningefanya hivi: foreni data rapa uitumie kama mlango wa kuchotea tu, unachota vilivyobadilika unaviweka kwenye jedwali la kupokelea kwenye PostgreSQL yako, na daktari asome kutoka kwako. Majibu ya maabara uchote kila baada ya dakika chache, mapokezi hivyo hivyo, dawa inatosha usiku. Jedwali la kupokelea lishike kila kitu kama kilivyo, maandishi matupu, usisafishe chochote pale, kusafisha ni hatua ya pili. Ukisafisha wakati unapokea siku ukigundua ulisafisha vibaya huna pa kurudi. Na skripti iandike iwe hata ikirudiwa mara 10 matokeo ni yale yale, amri ya ON CONFLICT itakusaidia, maana umeme utakatika katikati na utairudia tu, hilo halina mjadala.

Kitu watu wanakisahau ni rekodi zilizofutwa. Ukichota kwa kuangalia saa ya mabadiliko, rekodi mpya utaipata, iliyorekebishwa utaipata, iliyofutwa huioni, yaani kule maabara wamefuta majibu yaliyoingizwa kwa mgonjwa siye na kwako bado yapo na daktari anayasoma. Hilo ni hatari kuliko kukosa majibu. Kama MySQL yako inaandika binlogi (daftari lake la kila badiliko) unaweza kuisoma, ipo Debezium inafanya hiyo kazi, inaona hadi kufutwa, ila kwa mtu mmoja ni mzigo. Njia rahisi ni kila usiku ulinganishe orodha ya namba za rekodi za siku 30 za nyuma pande zote mbili, iliyopo kwako na haipo kule unaiwekea alama imefutwa, usiiondoe.

Mtumiaji unayemtumia kuingia SQL Server ya maabara awe na ruhusa ya kusoma tu na asome vile vyoo tu muuzaji atakavyokubali. Mpigie simu mwambie unataka kusoma, hutaandika herufi moja. Wengi wakisikia hivyo wanalegea, na wengine wana mtazamo maalumu wa kusoma wameshautengeneza ila hawausemi mpaka uulizwe.

Angalia pia tarehe za 0000-00-00 kwenye MySQL ya zamani, PostgreSQL inazikataa katakata na mzigo wote unagoma kwa sababu ya mstari mmoja. Geuza ziwe NULL, yaani patupu, wakati wa kutoka kwenye jedwali la kupokelea.

---

fundi_mabomba_ya_data ameandika:

Samahani hapo juu nimeandika "vile vyoo", simu imenibadilishia, nilimaanisha view, yaani mitazamo, majedwali ya kutazama tu ambayo muuzaji anakubali uyasome.

---

mama_kumbukumbu ameandika:

Wanangu mimi si mtu wa kompyuta, nimefanya kazi masjala ya wagonjwa mpaka nimestaafu, mwanangu wa mwisho ndiye kanionyesha huu uzi. Hizo databesi sizijui ila huyo mgonjwa mwenye majina mawili namjua vizuri sana.

Kwanza hilo la majibu kutoka kabla mgonjwa hajafika. Mwanangu wewe unaangalia saa ya kompyuta, sisi tunaandika saa ya Kiswahili. Mgonjwa kafika saa 8 usiku, karani anaandika 8:00 kwa sababu ni saa 8, kwake hajakosea. Kompyuta inasoma saa 2 asubuhi, kwa hiyo majibu ya saa 9 usiku yanaonekana yamemtangulia. Asubuhi hivyo hivyo, saa 3 asubuhi inaandikwa 3:00 na kompyuta inasema ni saa 9 ya usiku wa manane. Ila usikimbilie kuongeza saa 6 kila mahali. Pale saa inapojiandika yenyewe iko sawa, iliyoandikwa kwa mkono ndiyo yenye shida, tena si kwa kila mtu, kwetu kulikuwa na dada mmoja aliyesomea kwa masista yeye aliandika 21:00 bila kukosea hata siku moja. Angalia kwa jina la aliyeingiza, utaona nani anaandika kwa saa ipi.

La pili majina. Hamisi ni Khamis, Ramadhani ni Ramadhan, Zuhura ni Zuhra, Yohana akienda kuchukua bima anakuwa John. Huku kwetu kuna Ng'wandu, kuna Ng'ombeyapi, sasa ile mifumo ya mwanzo ukiandika ile alama ya juu ilikuwa inagoma, skrini inakuwa nyeupe, tukajifunza kuiacha tukawa tunaandika Ngwandu. Baadaye ikarekebishwa na waliokuja nyuma yetu wakaandika na alama. Mtu ni yule yule kijiji kile kile. Na mwanamke akiolewa jina la mwisho linaweza kubadilika, na mtoto mchanga hana jina, anaandikwa Mtoto wa fulani mpaka arudi kliniki na jina lake.

Tarehe za kuzaliwa msizitegemee. Bibi anakwambia nilizaliwa mwaka wa njaa ile kubwa, wewe unakadiria, unaandika tarehe 1 mwezi wa 1. Utakuta nusu ya wazee wako wamezaliwa tarehe 1 Januari. Simu nayo ni ya mtoto wake, au ya jirani.

Na la mwisho ndilo nakuomba ulishike sana. Mapacha. Kulwa na Doto. Tarehe moja ya kuzaliwa, jina la baba moja, kijiji kimoja, simu ya mama moja, na mara nyingi wanaletwa siku moja kwa sababu wanaugua pamoja. Niliwahi kukuta mafaili ya mapacha yamebanwa kwenye jalada moja, karani kaona ni mtu mmoja kaandikishwa mara mbili, akafanya usafi. Mmoja alikuwa na mzio wa dawa mwenzake hana. Tuliligundua kwa sababu mama yao alisema huyu hajawahi kulazwa mbona mnasoma kalazwa. Mashine yako usiipe ruhusa ya kufanya huo usafi bila mtu kutazama.

---

kijana_wa_seva ameandika:

Shikamoo mama. Nimeenda kuangalia sasa hivi hilo la saa kwa kupanga kwa jina la aliyeingiza, na ndivyo ilivyo kabisa, watu wawili wa zamu ya usiku rekodi zao zote zimeandikwa kwa saa ya Kiswahili. Nilikaa na hili jambo siku tatu nikidhani ni saa ya seva.

---

fundi_mabomba_ya_data ameandika:

Shikamoo ya kwangu mama nayo ipokelewe, nimejifunza.

Naongezea kwenye majina kwa upande wa mashine. Ile Soundex iliyomo karibu kila databesi, inayogeuza jina kuwa kodi fupi kwa jinsi linavyotamkwa, usiitegemee, ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza, hataza yake ya kwanza ni ya 1918 huko Marekani, na inashikilia herufi ya kwanza kama ilivyo. Hamisi inatoka H520, Khamis inatoka K520, kwa hiyo kwake ni watu wawili tofauti kabisa. Ramadhani na Ramadhan inazipatia, zote R535, lakini hapo herufi ya kwanza haikubadilika. Bora utengeneze hatua ndogo ya kusawazisha kabla ya kulinganisha, kwenye kolamu ya pembeni siyo kwenye jina lenyewe: herufi zote ndogo, ondoa alama ya ng' za aina zote, maana kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda inayotoka kwenye simu, kh iwe h, dh iwe z, irabu ya mwisho itoke. Hiyo ya PHP ya zamani unaweza kukuta jina limeandikwa Ng\'wandu na mkwaju ndani yake, hiyo ni tabia ya PHP ya zamani kujiongezea mkwaju, waliiondoa kwenye toleo la 5.4 mwaka 2012. Safisha na hiyo. Baada ya hapo tumia pg_trgm, nyongeza ya PostgreSQL inayolinganisha vipande vya herufi tatu, kupima ukaribu wa majina.

Halafu usiunganishe watu. Tengeneza jedwali la kiungo, lina kolamu ya mfumo, namba ya mtu kwenye mfumo huo, namba yako ya ndani, nani kathibitisha na lini. Rekodi ya mapokezi inabaki yake, ya maabara inabaki yake, kiungo ndicho kinasema hawa ni mtu mmoja. Ukikosea unakata kiungo tu, hujapoteza kitu. Ukishazimwaga rekodi mbili kwenye moja kama yale majalada ya mapacha, kuzitenganisha tena ni kazi ya kukisia. Na ugawe mafungu matatu: yaliyo wazi ni mtu mmoja, yaliyo wazi siye, na ya katikati yanayosubiri macho ya mtu. Wazo hilo la mafungu matatu ni la Fellegi na Sunter, waliliandika 1969 na mpaka leo ndilo msingi wa hii kazi.

---

wa_eldy ameandika:

Wadau, salamu kutoka upande wa Kenya. Nimefanya kazi na OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, miaka kadhaa, na ni kitu chetu hata sisi, ilianza 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Taasisi ya Regenstrief kule Indiana, Marekani, na Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret. Yenyewe inakaa juu ya MySQL. Ripoti za kila mwezi nazo zinaenda DHIS2, ile ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo inakaa juu ya PostgreSQL, na Kenya tumeitumia nchi nzima tangu 2011. Sasa hizo mbili hatukuwahi kuziunganisha databesi kwa databesi, na nataka kusema kwa nini.

Tulijaribu mwanzoni, mtu akaandika kweri inasoma majedwali ya OpenMRS moja kwa moja. Ikafanya kazi poa. Toleo jipya likaja, kolamu ikahama, ripoti ikaanza kutoa sifuri, na hakuna aliyejua mpaka mwezi ukaisha, kwa sababu sifuri haigomi, sifuri ni jibu. Tangu hapo tunapitia API. Mfumo mmoja unatoa ujumbe kwa umbo lililokubaliwa, mwingine unapokea. Kule DHIS2 unapeleka hesabu tu, hupeleki jina la mtu, unasema kituo hiki, kipengele hiki, mwezi 202405, thamani 37. Kule ndani kila upande unaweza kubadilisha majedwali yake unavyotaka bora ujumbe ubaki vile. Kwa mambo ya mgonjwa mmoja mmoja umbo la ujumbe lipo tayari, FHIR ya HL7, usibuni lako.

Najua kijana hiyo maabara yake haina API, kwa hiyo atachota jinsi fundi amesema, sina ubishi. Lakini ile skrini ya daktari isisome majedwali yako moja kwa moja. Weka ka-API kadogo katikati, hata ka kurasa mbili. Siku hiyo SQL Server ikibadilika unarekebisha mahali pamoja.

Kitu kingine ni majina ya vipimo. Mapokezi wameandika FBP, mashine inaandika CBC, daktari mwingine ameandika damu kamili. Malaria kuna aliyeandika MRDT, kuna BS, na hizo siyo kipimo kimoja, moja ni ya kifaa cha haraka na nyingine ni ya darubini, usizichanganye kwenye kapu la "malaria". Tumia kodi za LOINC, yaani namba ya kimataifa ya kila kipimo, hemoglobini ya damu kwa mfano ni 718-7, halafu lazima uandike kizio chake (gramu au milimoli kwa kiasi gani) kando ya namba. Hemoglobini 11 kwa gramu kwa desilita na 110 kwa gramu kwa lita ni kitu kimoja. Sukari ndiyo mbaya zaidi, mashine moja inatoa milimoli, nyingine miligramu, na kutoka moja kwenda nyingine unazidisha kwa 18. Ukichota namba ukaacha kizio chake kule, daktari ataona 6 na hajui aogope au atulie.

---

wakili_wa_mtandao ameandika:

Nipite haraka kwenye jambo ambalo halijaguswa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wenzetu Kenya wana yao ya 2019. Hiyo kompyuta uliyoiokota ukaiweka PostgreSQL sasa inashika zaidi ya kila mfumo ulivyokuwa ukishika peke yake, majina, majibu ya vipimo, dawa. Je, diski yake imefungwa kwa siri? Iko kwenye chumba chenye kufuli? Hizo CSV za majaribio bado ziko kwenye laptopu yako? Uongozi umekuandikia barua ya kukuruhusu? Barua hiyo itakulinda hata wewe. Na kila anayefungua majibu ya mgonjwa iandikwe ni nani na saa ngapi, hilo liwepo tangu siku ya kwanza kwa sababu kuliongeza baadaye hakuna anayelifanya.

---

kijana_wa_seva ameandika:

Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Barua nimepata, mganga mfawidhi kasaini. CSV zote za laptopu nimefuta na seva imehamia chumba cha dawa za kufungiwa maana ndicho chenye kufuli mbili. Muuzaji wa mfumo wa maabara nilimpigia kama fundi alivyosema na kweli mtazamo wa kusoma ulikuwepo, alinitumia jina lake na mtumiaji wake siku ile ile. Mimi nilikuwa namwogopa mwaka mzima.

Nimeanza na kitu kimoja tu, majibu ya maabara ya siku 7 za nyuma kwenye skrini ya daktari, dawa nimeiacha kwanza. Nachota kila dakika 2. Saa zilizoandikwa kwa mkono nimeziacha kama zilivyo kwenye jedwali la kupokelea, na kolamu ya pili ndiyo ina saa iliyorekebishwa kwa wale wawili, nikakaa nao tukabadilisha na ile fomu yenyewe, sasa saa inajiandika yenyewe hawaandiki tena. API ndogo ipo, kurasa mbili kweli.

Kulinganisha watu nimegawa mafungu matatu. Yale ya katikati nayachapisha kila jioni nampelekea dada wa masjala, tunakaa naye na majalada. Mama kumbukumbu, kwenye orodha ya kwanza kabisa niliyochapisha mstari wa nne ulikuwa Kulwa na Doto. Kila kitu kinafanana isipokuwa hilo jina la kwanza, na hesabu yangu ilikuwa imewapa alama za juu sana, wamebakisha kidogo kuingia fungu la mtu mmoja. Nimeweka sharti sasa, tarehe ya kuzaliwa na jina la baba vikifanana na jina la kwanza likawa tofauti, wanaenda kwa mtu moja kwa moja hata alama ziwe ngapi.

Jana mchana nilikuwa chumba cha daktari nikamwona anabonyeza jina la mgonjwa, majibu ya hemoglobini yakaja na kizio chake kando, mgonjwa hana karatasi mkononi, daktari akaendelea kuandika dawa bila hata kuniangalia. Nimetoka nje nikakaa kidogo kwenye benchi la wagonjwa.

Nimebaki na swali moja. Hawa watoto wachanga walioandikwa "Mtoto wa fulani", wakirudi na jina mnawafungaje na ile rekodi ya kwanza? Namba ya mama naiona upande wa mapokezi ila maabara hawana.

---

mama_kumbukumbu ameandika:

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki.

Mtoto anaporudi kliniki mama anakuja na kadi ya kliniki ya mtoto, ile ya kuonyesha uzito na chanjo, na namba yake alipewa siku ya kwanza kabla ya jina. Sisi tulikuwa tunaandika namba ile juu ya karatasi ya kuombea kipimo kwa kalamu nyekundu. Waambie maabara waiandike mahali pa maelezo, mahali hapo huwa papo na huwa patupu. Na akizaliwa pacha, karani aandike wa kwanza au wa pili siku ile ile ya kuzaliwa, wakiwa bado wote wawili wanaitwa Mtoto wa fulani.